Fisi Ataka Idadi Kamili

"Hadithi ipo, haipo?"

"Ipo, ilete!"

"Niilete mbichi au iliyoiva?"

"Hata mbichi tutaila!"

Basi kaeni. Enzi hizo wanyama wakisema, nyasi za bondeni zilidhoofika zikawa za manjano, na mbuzi wakaanza kuzika watoto wao. Mahali pamoja tu majani yalistawi, chini ya jabali alikoishi Bi Pimbi, mnyama mdogo asiye na mkia, pamoja na wanawe saba. Bi Pimbi akachunguza. Akaona mwambani tabaka la kijivu, limebanwa kati ya matabaka mengine kama mkeka katikati ya mikeka. Lilikuwa mifupa na meno ya samaki wa kale, yameshindiliwa hadi yakawa jiwe. Wachimbaji huliita fosfati. Likisagwa likamwagwa ardhini, majani huota.

Fisi akasikia. Akapanda mlimani, hee, hee, hee, akihema, akatangaza kwamba mlima ni wake, na mbuzi atakayetaka kikapu cha unga ule atoe mwanawe mmoja. Kisha akamwamuru Bi Pimbi amwambie mlimani mna vikapu vingapi. Akishindwa, yeye na wanawe wataliwa.

Bi Pimbi akapima mchana kutwa, akarudi akasema ni kati ya vikapu elfu moja na elfu tatu.

Fisi akatazama juu, akatazama chini. "Kati ya, ndiyo ngapi?"

"Hayo ni makadirio, Bwana Fisi. Hapa tabaka ni nene, pale jembamba, kule limepinda likazama ndani. Kulijua lote ni mpaka lichimbwe."

"Mimi sili 'kati ya'. Nataka idadi kamili."

Kwa kuwa hakutaka mwingine aguse mali yake, alichimba mwenyewe. Kwaru, kwaru, kwaru. Shimo la kwanza, unene dhiraa tatu. Kwaru, kwaru, kwaru. Shimo la pili, dhiraa moja. Kwaru, kwaru, kwaru. Shimo la tatu, hakuna kitu. Fisi akauliza kama mali imeongezeka au imepungua. Bi Pimbi akamjibu kwamba huku imeongezeka na kule imepungua. Kichwa kikamzunguka Fisi, akachimba la nne ili aelewe. Hakuelewa.

Unga ukamfika magotini. Bi Pimbi akamshauri ausukume chini, maana ukirudi shimoni utahesabiwa mara mbili na itabidi waanze upya. Fisi akauliza kama hautapotea. Bi Pimbi akasema ulishaingia kwenye hesabu, utapoteaje? Fisi akaona kweli, kitu kilichohesabiwa kipo. Akasukuma. Porooo, hadi bondeni.

Akachimba hivyo miezi miwili, mpaka mashimo yakakutana yakawa pango moja refu. Mvua ikanyesha, ikausambaza unga wote. Fisi akatoka mweupe kwa vumbi, hajui kama amemaliza au ndiyo kwanza anaanza.

"Ngapi?" akauliza.

"Elfu mbili mia moja na saba. Sasa hakuna tena 'kati ya'."

Fisi akalia kwa furaha. Akateremka akiirudia idadi njia nzima asije akaisahau. Bondeni nyasi zilimfika kifuani, na mbuzi walikuwa wamenenepa, pembe zinang'aa. Akawatangazia vikapu vyake na bei yake. Mbuzi jike mmoja mzee akamuuliza, kwa heshima zote, viko wapi vikapu hivyo.

Fisi akageuka kuutazama mlima. Akainama akatazama nyasi. Alihisi kuna jambo, lipo karibu kabisa, lakini kila alipolisogelea idadi ilianza kumtoka, naye akaliacha jambo akaishika idadi. Alipoinua kichwa, pembe zote zilikuwa zimemwelekea. Akaondoka polepole, midomo ikimcheza, "elfu mbili mia moja na saba, elfu mbili mia moja na saba," huku Bi Pimbi akiwahamishia wanawe kwenye lile pango refu.

Hadithi imekwisha. Aliyekuja na kigoda aondoke nacho.

Na funzo lake? Mwenye nguvu akidai kila kitu, wanangu, mwachieni. Hakuna mkarimu kama yeye.