Kikao cha Kimya Kabla ya Safari

Hapo zamani, zamani za mishumaa na farasi, katika nchi ya Warusi ambako theluji huanguka mpaka mtu akasahau rangi ya udongo, alikuwako msichana jina lake Glafira. Tulieni niwasimulie, na atakayesinzia asiniulize kesho.

Glafira alilelewa na bibi yake, Pelageya, katika nyumba kubwa ya mbao. Alimpenda Arseni, mpima ardhi, kijana wa vidole vyenye wino na maneno machache. Arseni akatumwa kaskazini kupima barabara. Akamwambia, "Nisubiri mwaka mmoja." Glafira akasubiri mwaka, akasubiri na wa pili. Barua haikuja. Alikaa dirishani akiitazama theluji ikishuka polepole, hata akawa hajui kama yu macho au anaota.

Ndipo akaja Kanali Lavrenti, aliyefiwa na mkewe, mtu mzima mpole, akamposa kwa adabu. Bibi akampa mkono wa ahadi mbele ya watu. Glafira akakubali. Moyo ulikuwa umechoka, msimlaumu mapema.

Ikafika asubuhi ya kwenda mjini kufunga ndoa. Mizigo ikafungwa kwenye gari lile lao la kuteleza juu ya theluji, farasi watatu wakitoa mvuke puani. Sasa, watu wale wana desturi yao. Kabla ya safari, anayekwenda na anayebaki huketi pamoja, kimya, mpaka mkubwa wa nyumba ainuke. Mkubwa peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kuvunja kikao. Mwingine akitamka neno, amemtia msafiri mkosi, pengine wa kifo. Na mkubwa akishainuka, safari imeanza. Kumwita msafiri nyuma ni mkosi uleule. Waliyaamini hayo kweli, bila mzaha.

Wakaketi, Bibi, Glafira na Kanali. Mara mlango ukafunguliwa. Arseni! Amekonda, homa ya kaskazini imemla nusu, theluji imemganda kwenye kope. Akafungua kinywa, akaona wote wameketi, akakifunga. Akaketi juu ya sanduku la mwisho la bibi harusi, lililokuwa bado halijapakiwa.

Basi ikawa kimya. Mwanga mweupe ulielea chumbani, birika la shaba likiimba taratibu. Arseni akamtazama Glafira, akanyamaza. Glafira akamtazama Arseni, akanyamaza. Kanali akawatazama wote wawili, akajua kila kitu, akanyamaza. Na Bibi Pelageya, ambaye siku zote huketi kwa pumzi tatu tu, safari hii aliketi, aliketi, aliketi, mpaka birika likaacha kuimba.

Kisha akainuka. "Mungu awatangulie," akasema. Gari likaondoka.

Mlangoni, Bibi akamgeukia Arseni kwa uchungu. "Mwanangu, nimewapa muda mpaka magoti yakafa ganzi! Mbona hukusema?"

"Bibi, ningesema, ningemtia mkosi wa kifo. Heri aishi kwa mwingine. Lakini wewe ulikuwa na ruhusa!"

"Mimi ndiye niliyempa Kanali mkono. Nivunje ahadi kwa kinywa hikihiki, mgeni akiwa ndani ya nyumba yangu?"

Na huko njiani, Kanali akamsimamisha mwendesha farasi. "Glafira," akasema, "nilimwona. Niliogopa kukupoteza, nikajikausha. Tugeuze?"

"Ulijua, ukangoja tufike msituni ndipo uniulize?"

"Na wewe ulijua, ukanyamaza."

"Nilikuwa nimekuahidi!" Machozi yalimganda mashavuni. "Nilitaka aniombe nibaki. Neno moja tu, hata kama lingeniua."

Farasi walisimama. Theluji ikawashukia, laini, bila sauti, kama unga unaochekechwa. Glafira akatazama nyuma. Nyumba ilikuwa imekwisha potelea ndani ya weupe, asione hata moshi wa dohani.

"Twende," akasema.

Wakaenda, wakaoana, wakazeeka.

Nimeisimulia mara nyingi, na kila nikifika hapa roho huniuma. Arseni alinyamaza asimdhuru. Bibi alinyamaza asivunje ahadi. Kanali alinyamaza asirudi kwenye upweke wake. Glafira alinyamaza akingoja kuombwa. Haya, ninyi mnaonisikiliza, msitazamane: katika kikao kile, je, nani alistahili kusema?