Sauti ya Mzee Kapera

Sogeeni, wenzangu, na simu zenu zilazeni kifudifudi. Hadithi hii ni ya sauti, na simu ina masikio makubwa kuliko sungura.

Huko Urambo walikuwapo vijana watatu walioshibana. Walikuwa na ukurasa mtandaoni, wakiwarushia watu video za maajabu: roboti anayekunja nguo, bibi wa nchi ya mbali anayechora kwa kahawa, fundi aliyeunda baiskeli ya mianzi. Mji mzima uliwafuata. Shehe akiipenda video, alimrushia katekista, na katekista naye hakuwa mchoyo.

Maganga alikuwa na jicho. Kitu kikizama mtandaoni hata mwenyewe akakisahau, Maganga alikiibua kabla chai haijapoa.

Nyanzala alikuwa na mkono. Ukimpa picha iliyofifia, aliitia rangi, akaifumbua macho, akaitembeza. Hakuna video iliyotoka bila kupita mikononi mwake.

Mhina alikuwa na koo. Ndiye aliyezitia video zile Kiswahili, kila mtu ndani yake akimpa sauti yake. Tena alikuwa Mzigua, mtani wa Wanyamwezi, na kwenye misiba ndiye aliyeitwa kumwigiza marehemu. Atavaa kofia yake, atembee kama yeye, agombe kama yeye, mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka. Lakini utani una mpaka wake. Kaburi likishafukiwa, mtani huvua kofia, na sauti ile haitoki tena kinywani mwake. Ndivyo wazee wa mji ule walivyoachiana.

Basi siku moja mzee Kapera, baba yake Nyanzala, mrina asali, alianguka kutoka juu ya mti penye mizinga yake, akafa. Mhina akamwigiza vizuri mno, hata wengine wakageuka kulitazama jeneza. Wakazika, wakatawanyika. Mama Nyanzala akagoma kula.

"Mama, onja kidogo tu," Nyanzala alimbembeleza.

"Aliyekuwa ananiambia kula ni baba yako. Sasa nile kwa kuambiwa na nani?"

Uji ukaganda kwenye kikombe. Mama akakonda, vidole vikabaki mifupa, na Nyanzala akaona wazi kwamba anakwenda kuzika mara ya pili. Aliogopa kupita kiasi. Akawaita wenzake.

Maganga akaingia mtandaoni, akaibuka na video ya watu wa mbali wakizungumza na wafu wao. Ilikuwa kazi ya akili mnemba: unaipa picha, unaipa sauti, na marehemu anasema. Tena hasemi tu, ukimuuliza anajibu.

"Sauti tutaitoa wapi?" Nyanzala akauliza. "Baba alikuwa anaikimbia simu kama nyuki wakali."

Mhina akasema, "Sauti ninayo."

"Si uliivua makaburini?"

"Niliivua, dada. Sikuitupa."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesimama. Hawakusimama. Mhina aliivaa tena kofia ya marehemu, akasema na simu mchana kutwa, akigomba, akikohoa, akicheka kile kicheko cha puani. Nyanzala akaichukua picha ya baba yake, akaifumbua macho. Picha na sauti wakaipa ile akili mnemba.

Wakamwekea mama simu mbele. Mzee Kapera akakohoa, akasema, "Mama Nyanzala, uji unapoa."

Mama akakishika kikombe, akanywa mpaka chini. Nyanzala alilia kwa furaha.

"Mizinga ya baba yenu iko porini, haina mwenyewe," mama akasema. "Aliyemrudisha ndiye mrithi wake."

Basi marafiki wakaanza kuvutana. "Nisingeiona njia," Maganga akasema, "mngekuwa bado mnabembeleza uji." Nyanzala akajibu, "Njia bila uso? Mama angeongea na ukuta?" Mhina akawacheka. "Wanyamwezi nyie, bila koo langu mzee wenu angekuwa bubu. Asali yangu hiyo!"

Walibishana hivyo kila walipokutana, wala hakuna aliyemtazama mama vizuri. Sasa alikula, ndiyo, lakini hakula mpaka simu imwambie. Aliacha kwenda kwa majirani. Mambo yote ya nyumba alimsimulia mzee wa kwenye kioo cha simu, naye alijibu kila kitu, na kila jibu lilikuwa lile alilotaka kulisikia.

Asubuhi moja Nyanzala alikuwa jikoni, akasikia mama yake akisema, "Baba Nyanzala, huku nimechoka. Nije?"

"Njoo, mke wangu. Nakungoja penye mizinga."

Sufuria ikamponyoka. Akakimbia kuwaita wenzake. Mhina alipoyasikia maneno hayo, aliinua mikono juu. "Hayo sikuyasema mimi. Wallahi, sikuyasema." Lakini sauti ilikuwa yake.

Walimkuta mama ameoga, amejitanda khanga mpya, kofia ya mzee iko mapajani.

"Mmekuja vizuri," akasema. "Aliyemrudisha baba yenu achukue mizinga yake. Na huyohuyo anipeleke kwake, kwa kuwa njia aliyomrudishia anaijua."

Wote watatu wakatazamana. Sasa asali ilikuwa chungu.

"Mimi niliona tu," akasema Maganga.

"Mimi niliigiza tu," akasema Mhina.

Nyanzala aliinyakua simu, akafika pale palipoandikwa *Futa*.

"Ukimfuta, umemuua baba yako kwa mkono wako," mama akamwambia taratibu. "Na mimi sitaonja kitu tena mpaka mnifukie."

Kidole kikabaki hewani. Ndani ya simu mtu akakohoa.

"Nyanzala, mwanangu," akasema. "Mwache mama yako aje."

Mpaka leo mizinga iko porini, nyuki wanaingia na kutoka. Na nyie mnaonisikiliza, mlioshiba na mliokaa vizuri, msiniangalie mimi. Nani alimrudisha mzee Kapera: aliyeiona njia, aliyeufumbua uso, au aliyelitoa koo? Aliyemrudisha ndiye mwenye mizinga, na ndiye mwenye kumzuia mama, na kidole chake ndicho kiguse *Futa* au kiache. Je, wewe ungemtaja nani?

Mtaje upesi. Mama Nyanzala ameshavaa viatu.