Mlango wa Hondohondo

Nyinyi mnaocheka kila mkisikia hondohondo akilia, nyamazeni kidogo. Ndege yule mwenye mdomo mkubwa hakuzaliwa na desturi mnayoiona leo.

Hapo kale, majike wa hondohondo hawakuposwa. Walivamiwa. Mikuyu ilipoiva, madume walijificha majanini, wakamkumba jike aliyekuja kula, wakamburuta hadi kwenye pango la mti. Akishalala humo, basi, ni mke. Asubuhi mama yake alikuja akalia, kisha akarudi zake, maana hata yeye aliolewa hivyo hivyo. Wapo majike walioacha kula. Wapo waliotaga mayai wakayatazama tu yakiviza. Na wazee wakaiita hiyo ndoa! Ndoa gani?

Zamu ikamfikia Nanzia. Dume aliyeitwa Sengondo alimtupa pangoni, akaenda kuwaita ndugu zake waje washangilie. Nanzia angeweza kuruka, lakini dada yake aliwahi kutoroka, na mama yao mwenyewe ndiye aliyemrudisha. Kwa hiyo hakukimbia. Alikusanya udongo na kinyesi kilichokuwamo pangoni, akaukandika mlango kwa mdomo wake mpaka ukabaki ufa mwembamba.

Sengondo akarudi na kundi lake. "Fungua, mke wangu!"

"Mke wako nani? Uliniuliza lini?"

Akagonga, akasukuma, ndugu zake wakimcheka. Kila aliposogeza jicho ufani, alidonolewa. Ikambidi alale tawini na baridi yake.

Asubuhi mama akafika. "Mwanangu, umeshalala humo. Tutafanyaje?"

"Nimelala peke yangu, mama. Huyu kalala nje. Kwa desturi yenu hiyo hiyo, mimi si mke wa mtu, na sitoki mpaka mkiri."

Mama akaruka mkuyuni, akachuma tunda, akampitishia bintiye ufani. Akamgeukia Sengondo. "Umesikia. Nenda kwenu."

Majike wengine nao wakajifunza kukandika. Dume aliyetaka mke ilimlazimu aje na tunda, asubiri ufani. Likipokelewa, vyema. Likitupwa, aende zake.

Na tangu siku hiyo, hondohondo jike hutagia nyuma ya mlango aliouziba yeye, na dume humlisha kutoka nje. Wapita njia wakiona husema, maskini, mume amemfungia. Waambieni wakachungulie vizuri. Udongo ule umekandikwa kutoka ndani.