Nyani Aitwa Mara Tatu

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa kesi!
Basi kaeni vizuri, baraza limeanza.

Palikuwa na Kanga aliyetaga mayai tisa chini ya jabali. Juu ya jabali hilo alilala Nyani, hakimu wa pori zima. Nani alimpa uhakimu? Meno yake.

Siku moja Nyani akachungulia chini. Mate yakamdondoka, do! do! do! Akatangaza: "Mayai yale yametagwa kwenye kivuli changu. Kilichomo kivulini mwangu ni changu. Kesho barazani!"

Kanga akalia hata jirani yake Pimbi akatoka pangoni. Pimbi ni kinyama kidogo, mkia hana, pembe hana. Akatega sikio kwenye mayai. Ndani akasikia ti-ti-ti! Vifaranga wanagonga! Roho ikamuuma.

"Shoga yangu, futa machozi," akasema. "Meno hatuna, lakini mdomo tunao."

Kulipokucha wanyama wakajaa tele. Kobe, karani wa baraza, akaita kesi. Nyani akasimama.

"Anayedai ni mimi. Shahidi ni mimi. Hakimu ni mimi. Nimesikiliza pande zote tatu. Mayai ni yangu. Leteni chumvi!"

Pimbi akajitokeza. "Hukumu tamu hiyo, Mheshimiwa! Ila imeiva haraka mno. Wenye wivu watasema umepora. Hakimu mkubwa kama wewe hufuata utaratibu."

Nyani akavimba kichwa. "Utaratibu ninao! Tena ninazo taratibu mbili!"

"Basi, hakimu hukaa juu, na mlalamikaji husimama chini."

Nyani akapanda jabali, parakacha! "Wewe Nyani, unadai nini?"

Akaruka chini, puu! "Nadai mayai, Mheshimiwa!"

Parakacha! "Una hakika?"

Puu! "Hakika kabisa!"

Parakacha! "Usinipigie kelele barazani!"

Puu! "Nisamehe, Mheshimiwa!"

Wanyama wakacheka hata Pundamilia akashikwa na kwikwi. Nyani akahema, ulimi nje.

"Umejihoji vizuri mno," Pimbi akasema. "Sasa bado shahidi. Na shahidi husubiri mbali, asisikie wenzake wanasema nini, mpaka aitwe."

"Mbali wapi?"

"Nyuma ya kilima kile. Na masikio ayazibe."

"Na kiti changu?"

"Mkalishe Kobe kwa niaba yako. Kobe huyu atathubutu kukuangusha wewe?"

Nyani akamtazama Kobe, akacheka. "Kobe! Kalia kiti changu, uamue kama sheria isemavyo." Akaondoka mbio, nyasi masikioni, akitafuna tafuna hewa.

Kobe akapandishwa jabalini. Pimbi akamwangalia: je, atathubutu? Kobe akasema kwa sauti yake ya kikobe, ndogo kama ya mtu aliye ndani ya chungu: "Mlalamikaji Nyani yupo?"

Kimya.

"Mlalamikaji Nyani yupo?"

Kimya. Yai moja likapasuka, pwa!

Swala akanong'ona, "Mzee Kobe, si uite kwa nguvu kidogo?"

"Sheria inasema aitwe," Pimbi akajibu. "Haikusema apigiwe kelele."

"Mlalamikaji Nyani yupo?" Kobe akaita mara ya tatu. "Hayupo. Mlalamikaji asipotokea, kesi hufutwa. Nimeifuta!"

Pwa! pwa! pwa! Vifaranga tisa wakatoka, ti-ti-ti, wakamfuata mama yao vichakani. Kanga hakungoja hata kushukuru. Pimbi akacheza peke yake hata akaanguka chali.

Mara kutoka nyuma ya kilima sauti ikapaa: "Nimeitwa?"

Wanyama wote wakajibu, "Bado!"

Jua likapanda. "Nimeitwa?"

"Bado!"

Jua likashuka. "Jamani, nimeitwa?"

"Bado! Shahidi haulizi, shahidi huitwa!"

Ngano yangu imekomea hapo. Iliyo tamu bebeni, iliyo chungu mpelekeeni Nyani, bado yupo.

Na funzo lake, wanangu? Heshimuni mahakama. Mkiambiwa msubiri nje, subirini nje, msiulize ulize. Subira huvuta heri, na heri ya Nyani iko njiani, inakuja.