Ini la Udhia

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kuwa katika bonde moja la Hadhramaut aliishi mja mwema aitwaye Mabkhut bin Faraj. Alikuwa mcha Mungu na mkarimu, tena mjuzi wa fiqhi, elimu ya sheria za dini, ambaye majirani walimwendea kwa masuala yao. Ila alikuwa na pupa. Watu wa bonde walimtania kwamba akitoa salamu ya kulia yuko msikitini, ya kushoto keshafika sokoni.

Kwa miaka saba hawakusemezana na kaka yake mkubwa, Salmin. Baba yao alipofariki, Salmin alikuwa safarini, umbali wa nusu siku tu. Mabkhut akamzika mzee adhuhuri ileile bila hata kutuma mtu. Salmin alifika alasiri, akakuta udongo mbichi.

"Hukuweza kuningoja nimwone uso?" akauliza.

Mabkhut akamjibu kwa hukumu: maiti hacheleweshwi. Hukumu ilikuwa sahihi. Neno la pole halikumtoka.

Mwaka wa saba, mkewe Mabkhut, Bi Thuwaiba, alikwenda mwenyewe kumwalika shemeji yake kwenye karamu ya Idi Kubwa pamoja na ukoo mzima. Salmin akasema, "Nitakuja, shemeji, kwa heshima yako. Lakini nikimkuta yuleyule, mlango wenu sitaurudia."

Maneno hayo yalimkaa Mabkhut rohoni. Watu arubaini, kondoo mmoja mnene, na kaka ambaye huenda asingoje chungu kiive! Asubuhi ya Idi, wenzake wakielekea uwanja wa swala, yeye alibaki nyuma, akamlaza kondoo uani, akamchinja.

"Baba Faraj," mkewe akamwita kwa jina la mwana wao, kutoka kwenye tanuri la mikate, "swala bado."

"Mungu anajua nia," akajibu, kisha akatoka mbio kuwahi safu.

Katika hotuba, khatibu akakumbusha kwamba aliyechinja kabla ya swala amewalisha watu wake nyama tu. Udhia, yaani mnyama wa ibada ya Idi, hana, na achinje mwingine badala yake. Mabkhut aliijua hukumu hiyo. Mwaka baada ya mwaka aliwafundisha wengine. Asubuhi ile alikuwa amejisahaulisha.

Alirudi nyumbani akakuta mikeka imejaa ndugu. Angeweza kunyamaza. Nyama ilikuwa halali, na aliyejua siri ni mkewe tu. Akisema, Salmin ataiona pupa ileile, atainuka, na hatarudi tena.

Desturi yao ilikuwa mkubwa wa ukoo afungue kinywa kwa ini la udhia, na Salmin hakuwa ameonja chakula tangu alfajiri. Sinia likawekwa mbele yake.

"Bismillahi," akasema. "Mola aikubali udhia ya mdogo wangu." Akachukua kipande cha ini.

"Kaka, ngoja."

Watu wakatazamana. Neno hilo hawakuwahi kulisikia kinywani mwa Mabkhut.

"Hiyo si udhia," akasema. "Nilichinja kabla ya swala. Niliogopa utaondoka chakula hakijaiva. Ni nyama tu."

Shangazi yao Juman, kikongwe wa meno mawili, akauliza: "Nyama yenyewe halali?"

"Halali, shangazi."

"Basi sogezeni huku. Nyie wenye meno subirini."

Wengine walicheka. Salmin hakucheka. Alilirudisha ini kwenye sinia.

"Pupa ileile," akasema.

"Ileile, kaka. Ndiyo iliyomzika baba bila wewe. Miaka saba nimejificha nyuma ya hukumu. Nusu siku ningeweza kukungoja, au angalau ningetuma mtu. Nimekukosea. Nisamehe."

Salmin akainuka, akaelekea mlangoni. Mabkhut akainamisha kichwa. Hapo akasikia joho likitundikwa msumarini, na sauti ya kaka yake ikitoka uani: "Kisu kiko wapi?"

Bi Thuwaiba alikuwa keshafika pale, akimvuta kwa kamba mbuzi wake wa maziwa. "Huyu ni wangu, Baba Faraj, nimekupa," akasema. "Tangu asubuhi nakungoja useme."

Salmin akashika miguu, Mabkhut akachinja. Kisha ndugu hao wawili wakachutama mbele ya makaa wakichoma ini, na ukoo mzima ukangoja, isipokuwa shangazi. Mabkhut akanyoosha mkono kuliepua. Salmin akamshika kifundo cha mkono, taratibu.

"Bado," akasema.

Mabkhut akangoja. Lilipoiva, Salmin akalikata vipande viwili, na kipande cha kwanza akamlisha mdogo wake.

Ndugu zangu, mimi nimekaa kwenye masinia ya Idi katika miji mingi, na mara nyingi mkono wangu ulitangulia bismillahi yangu. Kwa hiyo kisa hiki simsimulii mtu kwa kumnyooshea kidole. Mja yule hakuharibu karamu kwa kukiri. Alichokihofia kumfukuza kaka yake ndicho kilichomrudisha. Mola atupe ulimi wa kusema "nimekosea" chakula kingali moto, na atupe wa kutushika mkono na kutuambia, bado.