Godoro la Mke Mdogo

Mwaka 1994, mjini Koboko, hapakuwa na mwanamke aliyeenziwa kama Hajara, mke mdogo wa Sulaimani mfanyabiashara. Tangu madaktari wa Arua wamkute na saratani ya tezi za shingo, alinunuliwa godoro jipya, akachinjiwa kuku kila Ijumaa, na mumewe akawa anamtafutia machungwa hadi mpakani. Kila baada ya majuma matatu alipelekwa Arua kutiwa dawa ya saratani mshipani, dozi sita kwa jumla, akirudi ameketi mbele kando ya dereva kama bibi harusi.

Mke mkubwa, Mariam Poni, aliyatazama hayo kwa kijicho. Wivu ulimwasha kama upupu. Yeye aliyekimbilia Sudani na Sulaimani wakati wa vita vya mwaka 1979 akiwa na mtoto wao Amandu mgongoni, leo kazi yake ni kuchota maji na kufua shuka zenye matapishi!

"Anajitapisha makusudi," alimwambia mumewe. "Akipona, nani atamchinjia kuku?"

Na kila Hajara aliporudi, Poni alijipaka mafuta ya manukato kutoka kisogoni hadi vidoleni, akapitapita uani ili Sulaimani akumbuke kwamba ana wake wawili.

Mwezi wa Agosti Sulaimani aliugua malaria, hakuweza kuinuka. Ikambidi Poni ampeleke mke mwenzake kwa dozi ya nne. Akajipaka mafuta yake, wakaenda.

Dawa ilipoanza kushuka tone kwa tone, uso wa Hajara ulipauka kama majivu. Alitapika chai, akatapika maji, akatapika nyongo, mpaka ikabaki sauti tupu. Harufu ya vitunguu kutoka jikoni ilimpindua tumbo. Hata sabuni ya muuguzi hakuivumilia. Lakini Poni aliona kwamba kila alipoinama kumshikia beseni, ndipo mwenzake alipozidi kutapika.

"Ni mafuta yangu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Hajara alifumba macho. "Ndiyo, Mama Amandu. Hata nyumbani."

"Mbona hukusema?"

"Ungesema mimi nataka kukutoa kwa bwana." Akashusha pumzi. "Hiyo kuku, mimi sijameza hata kipande. Natamani kusikia njaa kama wewe. Hii dozi iko ya mwisho. Mimi sirudi tena. Heri kufa."

Poni aliweka beseni chini. Alitoka hadi bombani, akajisugua shingo na mikono mpaka ngozi ikamchonyota, akabadili kitenge. Aliporudi alimpa kipande kidogo cha muhogo wa kuchemsha uliopoa, usio na harufu. Hajara akala nusu yake. Kikakaa tumboni.

"Utarudi," Poni alisema. "Tutakuja wote wawili."

Dozi mbili zilizobaki walikwenda pamoja. Uvimbe shingoni ukanywea, na msimu uliofuata Hajara alionekana kisimani akigombania zamu na wanawake wenzake. Wivu wa Poni haukuisha wote, maana ukewenza ni ukewenza. Ila hakumwonea gere tena kwa godoro lile. Alikuwa amejua kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.