Tonge la Kwanza la Bokoboko

Wamesimulia waliotutangulia, na ukweli wa mambo uko kwa Mola, kwamba katika mji mmoja wa mwambao ambao leo umebaki kuta na misikiti isiyo na paa, aliishi mwanamke aliyeitwa Mwanatumu binti Ngwali. Alikuwa mjane mwenye binti watatu, na riziki yao yote ilitoka katika chungu kimoja cha bokoboko.

Bokoboko ni ngano na nyama. Vinatiwa maji na chumvi, vinakaa juu ya moto mdogo tangu jioni, kisha vinasongwa kwa mwiko mpaka nyama inapotea ndani ya ngano na mpishi anapotea ndani ya jasho. Asubuhi hutiwa samli juu. Kwa wenye nacho ni chakula cha harusi, lakini Mwanatumu alikiuza sokoni kwa bakuli, kwa bei ambayo hamali aliimudu kabla hajabeba mzigo wake wa kwanza. Wateja wake walikuwa mahamali, waashi na wachota maji. Waliketi juu ya jamvi moja, bega kwa bega. Wengine walianza na vitumbua vya Bi Raya, jirani yake wa kulia, ndipo wakahamia kwake, na mwenye njaa kubwa akamalizia kwa Shaame muuza supu ya utumbo, ng'ambo ya njia.

Mwaka mmoja ng'ombe na mbuzi wa mji ule waliingiwa na maradhi, wakafa wengi. Ikagundulika kwamba walikuwapo watu wakiuza nyama ya mizoga kwa wapishi wasiouliza maswali. Hofu ikaingia sokoni. Nyama ya kuchoma mtu anaiona na kuinusa, lakini nyama iliyosongwa mpaka ikapotea, nani ataitambua? Basi wazee wa soko, pamoja na Maalim Ussi aliyewekwa na kadhi kulisimamia soko, wakaweka kanuni: kila auzaye chakula ambacho nyama yake haionekani atakula yeye tonge la kwanza, mbele ya wateja, kabla hajamtilia mtu. Kiapo walikiona hakitoshi, kwani mwongo ndiye mwepesi wa kuapa. Lakini Muislamu hatatia mzoga kinywani mwake huku akijua.

Kanuni ile ilikuwa nyepesi kwa kila mpishi isipokuwa Mwanatumu. Tangu mumewe afariki, miaka kumi na moja nyuma, alikuwa akifunga funga ya Nabii Daudi, amani iwe juu yake: siku moja anafunga, siku moja anakula. Hakumwambia mtu yeyote. Daku alikula akiwa jikoni na mwiko mkononi, wakati binti zake wamelala. Sokoni siri ilikuwa rahisi zaidi, kwa sababu hakuna mtu amuulizaye mpishi kama amekula.

Siku ya kwanza ya kanuni ilimkuta amefunga. Mbele ya wateja aliketi hamali mmoja aitwaye Pandu, mtu wa mabega mapana na mdomo mwepesi.

"Haya, bi mkubwa," alisema Pandu. "Leo wewe ndiwe mteja, sisi watazamaji. Tuonyeshe kunavyoliwa."

Mwanatumu akasema lililomjia kwanza. "Jino linaniuma, mwanangu. Kitu cha moto sikiwezi. Bi Raya atanilia."

Bi Raya hakuhitaji kubembelezwa. Alikula tonge, akalamba na vidole, akauliza kama kanuni inaruhusu la pili. Watu wakacheka, wakala.

Kesho yake Mwanatumu hakuwa na funga. Akakata tonge linalofuka moshi, akalila. Siku ya tatu jino likauma tena. Siku ya nne likapona. Alijua kwamba anasema uongo, lakini aliuona mdogo, tena wenye kheri, maadamu ulikuwa unaifunika ibada. Alijiambia kwamba anajikinga na ria, yaani ibada ya kuonyesha watu.

Baada ya siku saba nane hivi, Pandu aliweka bakuli lake chini.

"Bi mkubwa, jino lako hilo lina zamu? Jana limetafuna moto wa Jahannamu, leo halitaki hata vuguvugu."

Watu wakacheka.

"Au jino ni zima," aliendelea Pandu, "chungu ndicho kigonjwa?"

Hapo hakuna aliyecheka.

Neno lile lilizunguka soko zima kabla ya adhuhuri. Shaame wa supu alikuwa akisema, bila kuulizwa, "Mimi sisemi kitu. Ila mwaka huu wa taabu, nyama ya kila siku yeye anaipata wapi?" Watu wakaacha kuja siku ambazo Mwanatumu hali. Kisha wakaacha kuja hata siku ambazo anakula, wakisema, nani ajuaye kama cha leo si kiporo cha jana? Chungu kikawa kinarudi nyumbani kizito kama kilivyotoka. Binti zake wakala bokoboko asubuhi, wakala mchana, wakala jioni, mpaka yule mdogo akauliza kama katika dunia hii uji umekwisha. Kilichochacha walipewa kuku wa jirani.

Ngano ilipofikia kipimo cha mwisho ndani ya mtungi, mjumbe wa wazee wa soko alimjia. Alimwambia kwamba Maalim Ussi atafika kesho kwenye jamvi lake. Akila tonge mbele yake, maneno yatakwisha. Asipokula, atatoka sokoni, na nafasi yake apewe mwingine.

Maalim Ussi alikuwa mcha Mungu asiyependa makuu. Hakulikagua soko kwa fimbo, alilikagua kwa kula. Alipita asubuhi akaketi chini na mahamali, akalipa kama wao: hapa kipande cha mkate wa mofa, pale kunde za nazi, mbele kidogo dagaa wa kukaanga wawili watatu. Alikuwa akisema kwamba hawezi kuhukumu chungu ambacho hajaketi mbele yake. Kila mahali alionja kidogo tu, akainuka.

Siku hiyo ya kesho ilikuwa siku ya funga ya Mwanatumu. Angaliweza kuibadilisha, na alilifikiria hilo wakati wa daku. Lakini nafsi yake ilimwambia: miaka kumi na moja haijakatika hata siku moja ila kwa udhuru wa sheria, ije ikatwe na maneno ya Pandu? Akanuia, akabeba chungu.

Maalim alianza kwa Bi Raya. Alikula kitumbua kimoja, akamwambia kwamba hiliki yake haina ubahili. Kisha akaja kuketi juu ya jamvi la Mwanatumu, ambalo siku nyingi lilikuwa tupu. Nyuma yake walisimama watu, na Pandu akiwa mbele yao.

"Assalamu alaykum, Bi Mwanatumu."

"Wa alaykumu salaam, Maalim."

"Nitilie bakuli. Lakini tangulia wewe."

Mwanatumu akageuka kumtazama Bi Raya. Bi Raya alikuwa ameinamia kikaango chake.

"Leo mimi simo, shoga yangu," alisema bila kuinua uso. "Wananiambia na mimi nimelishwa mzoga siku zote hizi. Nami nina wateja wangu."

Neno la jino lilikuwa limeshafika ulimini. Mwanatumu akamtazama Maalim, akaona haya kumdanganya. Palepale ikamjia kwamba huyu ni mja tu, mwenye ndevu na bakuli. Ikiwa anamwonea haya mja, kwa nini siku zote zile hakumwonea haya Mola aliyekuwa akimsikia?

Likabaki neno la pili, nalo lilikuwa la kweli: nimefunga. Alijua litakavyopokelewa. Pandu angaliinama, Shaame angalifunga mdomo, na kabla ya jua kupanda mji mzima ungalijua habari ya mjane mwema wa bokoboko, na watu wangalipigana vikumbo mbele ya chungu chake. Alilitaka jambo hilo kwa moyo wake wote. Kwa kuwa alilitaka hivyo, aliliogopa. Ibada aliyoificha miaka kumi na moja ingaligeuka siku moja kuwa samli ya juu ya bakuli.

Alikuwa amesoma kwamba aliyefunga funga ya sunna ni amiri wa nafsi yake, akitaka ataendelea na akitaka atakula. Kula hakukuwa dhambi. Kitakachopotea ni ile miaka isiyokatika. Hapo ndipo alipokiona alichokuwa akikilinda. Haikuwa funga tena, ilikuwa hesabu yake.

Akakata tonge, akalichovya katika samli, akasema bismillahi, akalila. Alilitafuna bila haraka, akameza, kila mtu akiona. Kisha akasema:

"Maalim, na nyinyi wateja wangu. Nyama hii ni ya mbuzi mzima, amechinjwa, na aliyemchinja yuko machinjioni, kamuulizeni. Chungu changu hakina kasoro. Lakini jino langu halijaniuma hata siku moja. Niliwadanganya."

"Sasa kwa nini ulitudanganya?" aliuliza Pandu.

"Sababu ni yangu, mwanangu, na itabaki yangu. Uongo ndio niliowapa nyinyi, na kwa huo naomba radhi."

Watu wakaanza kunong'ona. Shaame akasema kwa sauti kutoka ng'ambo, "Aliyesema uongo wa jino hashindwi uongo wa nyama!" Maalim alimwacha aseme. Alilivuta bakuli lake, akala, akaendelea kula mpaka akalifuta kwa kidole. Hakuna aliyewahi kumwona akimaliza bakuli sokoni. Kisha akasema, "Tonge limeliwa. Kanuni haidai zaidi ya hapo. Nafasi ni yake." Akamtuma mtu machinjioni kuthibitisha habari ya mbuzi, kwani wema wake haukumzuia kuuliza, na jibu likaja kama Mwanatumu alivyosema.

Watu walipotawanyika, Maalim alibaki kidogo.

"Binti Ngwali," alisema kwa sauti ya chini, "kulikuwa na kitu ukikificha."

"Ndiyo, Maalim."

"Cha kheri?"

"Nilidhani hivyo."

"Ungalisema tu, 'Leo sili,' ukanyamaza."

"Wangalinituhumu, Maalim."

"Walikutuhumu hata hivyo," alisema Maalim, "na faida uliyobaki nayo ni uongo." Kisha akajifunga kilemba chake vizuri, akainuka. "Samli yako nzuri. Usiibadilishe."

Wasimulizi hawasemi kwamba chungu kilikwisha siku ile. Walikula watu wanne, na kilichobaki kilirudi nyumbani. Yule binti mdogo alikitazama, akaenda kuleta bakuli. Siku za mbele waliongezeka mmoja mmoja. Mwanatumu alikula tonge la kwanza kila asubuhi ya soko mpaka maradhi ya wanyama yalipokwisha na kanuni ikasahauliwa, na hata baadaye aliendelea kulila. Funga yake akaiweka katika siku ambazo hapiki. Zilikuwa chache, akaridhika nazo.

Pandu alirudi baada ya mwezi. Hakuomba radhi. Aliketi mahali pake pa zamani, akasema, "Nitilie, bi mkubwa, na samli usinidhulumu." Mwanatumu akamtilia. Binti yake mkubwa, aliyekuwa akisaidia siku hiyo, alimnong'oneza mamake, "Huyu si ndiye aliyetufukuzia wateja?" Mamake akamjibu, "Huyu alisema alichokiona. Mwenye kumwonyesha nilikuwa mimi."

Ni binti huyo mkubwa aliyeisimulia habari hii. Mamake alimweleza yote katika maradhi yake ya mwisho, ikiwamo funga yenyewe, na alimweleza ili kumwonya juu ya uongo. Akamwapisha asiitaje funga ile mbele za watu maadamu mamake yu hai. Binti akatimiza.

Wengi wetu tunaposikia uongo ukitajwa, mawazo hutukimbilia kwa wezi na wapunjaji wa mizani. Hatufikirii ule tunaoutumia kulinda jambo jema: mtu anasema uongo kuficha sadaka yake, mwingine kulinda heshima ya nyumba yake, mwingine asionekane mnyonge mbele ya jirani. Mwanatumu hakuuza mzoga. Alikuwa mwanamke mwema mwenye chungu safi, na bado ilibidi wanawe washinde na chakula kilichokosa wanunuzi mpaka alipojifunza kwamba watu wanaokula mkononi mwake wana haki ya kumwamini. Mwenye kupika, mwenye kufundisha, mwenye kulea, wote wanalisha watu kitu kisichoonekana ndani yake.

Ee Mola, tupe ibada tunazoweza kuzibeba bila kumdanganya mtu, na pale tulipokwisha kudanganya, tupe ujasiri wa kulisema kosa letu lenyewe, bila kulifunika kwa sifa zetu.